Mashine Imesema Ana Malaria: Kisa cha kihisi kilichosoma dawa ya homa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea msimu wa masika katika kituo cha afya kimoja upande wa pwani wa Mkoa wa Tanga. Nimeondoa jina la kituo, la kijiji, la wagonjwa na la waliotengeneza chombo. Umri wa watoto na mpangilio wa siku nimeusogeza kidogo ili mtu asitambulike. Mimi nilikuwa mteknolojia wa maabara niliyesimamia vipimo, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayosimuliwa hapa niliyafanya mimi.

Nawaandikia wenzangu wa maabara, matabibu wanaopokea majibu yetu, na vijana wa vyuo wanaotengeneza vihisi, yaani vyombo vidogo vya umeme vya kupima vimelea kwenye damu. Natamani vihisi hivi vifanikiwe. Ndiyo maana naeleza kisa hiki chote, pamoja na pale tulipojikwaa.

Mazingira

Masika ikishika, benchi la wagonjwa hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Wengi ni kina mama wenye watoto wadogo, na wengi wana neno moja: homa. Homa hiyo yaweza kuwa malaria, kichomi, sikio, mkojo mchafu au mafua tu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na sisi tunapima kwa njia mbili.

Ya kwanza ni slaidi. Tone nene la damu hutiwa rangi ya Giemsa na kusomwa kwa darubini. Msomaji mzoefu, mwenye darubini safi na muda wa kutosha, anaweza kuona hata vimelea 10 katika maikrolita moja ya damu. Katika maabara yenye foleni, ni heri kusema 50 au zaidi. Ya pili ni kipimo cha haraka, mRDT, ambacho huhitaji vimelea kati ya 100 na 200 katika maikrolita ili mstari uonekane vizuri. Kipimo cha haraka tulichokuwa nacho kinatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, huimwaga kwenye damu. Kinatusaidia sana, lakini kina udhaifu wake: protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa akapona, akirudi wiki mbili baadaye na homa ya kifua, mstari bado unajitokeza. Mama anapewa tena dawa mseto ya malaria, na kichomi kinaendelea kumla mtoto.

Hapo ndipo tulipoona umuhimu wa kihisi kipya. Na si kwa malaria peke yake. Watu wazima wa pwani hii wanakumbuka jinsi wapimaji wa matende na mabusha walivyokuwa wakipita vijijini usiku, kati ya saa nne na saa nane, kuamsha watu watoe damu, kwa sababu vijiminyoo vya ugonjwa huo huku kwetu hutoka kwenye damu ya juu usiku tu. Kilipokuja kipimo kinachotafuta antijeni ya mnyoo mkubwa, damu ya mchana ikatosha. Mzee mmoja mwenye mguu uliovimba alikaa mlangoni kwetu siku ya pili ya majaribio, akaitazama mashine, akauliza kama nayo inapima ugonjwa wake. Nilimwambia hapana, bado. Nilitamani kumjibu vingine.

Chombo chenyewe

Anayetaka kukielewa kihisi hiki aanze na kipimo cha sukari anachokijua. Stripu ya sukari ina kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachoinyang'anya glukosi elektroni zake. Elektroni hizo huingia kwenye elektrodi, yaani ncha inayopokea umeme, kisomaji hupima mkondo, namba hutokea. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilielezwa mwaka 1962 na Leland Clark na Champ Lyons, na mwaka 1987 kipimo cha kwanza cha nyumbani cha aina hiyo kikaingia sokoni. Ndicho kihisi cha kielektrokemia kilichoenea sana, na wodi nyingi zinacho.

Chombo tulicholetewa kilifuata njia hiyohiyo, ila badala ya sukari kilitafuta kimeng'enya cha kimelea chenyewe, pLDH. Kimelea cha malaria ndani ya seli nyekundu hula glukosi kwa pupa, na hakiwezi kuishi bila kimeng'enya hicho. Vimelea vikifa, pLDH hushuka nayo ndani ya siku chache, haikai wiki kadhaa kama HRP2. Binadamu naye ana LDH yake, tena nyingi, lakini mwaka 1993 Makler na Hinrichs walionyesha njia ya kuzitenganisha: ya kimelea hutumia upesi kemikali iitwayo APAD, ya binadamu huitumia polepole mno. APAD huchukua elektroni kutoka kwa lakteti (chumvi ya asidi ya maziwa), kisha huzikabidhi kwa elektrodi.

Utaratibu ulikuwa mfupi. Ujazo mmoja wa damu uliochanganywa na ujazo minne wa maji ya kupasulia seli, yenye lakteti na APAD ndani yake. Dakika kumi. Tone kwenye stripu ya kaboni. Kisomaji kinaweka volti 0.6, kinapima mkondo kwa dakika moja, kinaonyesha namba. Namba ikivuka kizingiti, skrini inageuka nyekundu na neno linatokea. Hakuna kuosha stripu, hakuna hatua ya pili. Waliokitengeneza walijivunia hilo, nami nilifurahi, kwa sababu kila hatua inayoongezwa kwenye maabara yenye foleni ni mlango wa kosa.

Kibali cha maadili kilikuwepo, na kila mzazi aliulizwa akakubali. Kanuni ya majaribio ilikuwa imeandikwa wazi: matibabu yafuate mRDT na slaidi, namba ya kihisi isitumike kumtibu mtu. Ila kisomaji tulikiweka juu ya meza iliyotazamana na benchi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi ya umeme. Neno kubwa jekundu lilisomeka kutoka mlangoni.

Yaliyotokea

Jumanne ya wiki ya pili aliingia mama na binti yake wa miaka minne. Nitamwita Mama Salma, jina nililompa mimi. Mtoto alikuwa na kilo 15, homa ya siku mbili, alikataa kula tangu jana yake, usiku alilia sana. Pale mapokezi joto lilikuwa nyuzi 37.6 tu, na muuguzi aliandika "homa kwa maelezo ya mama". Tulichukua damu ya mshipa kidogo kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau na EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande.

mRDT ilikuwa hasi. Kihisi kilikuwa chekundu, na namba haikuwa ya pembeni pembeni, ilikivuka kizingiti kwa mbali. Slaidi ilikuwa bado inakauka.

Kijana aliyekuwa akiendesha kisomaji, mwanafunzi mzuri na mwenye bidii, alitamka kwa sauti: "Hii imeonekana." Mama Salma alimsikia. Tabibu, aliyekuwa akipita kuchukua majibu, alimsikia pia.

Tabibu alinijia. "Dada, mRDT inasema hasi, lakini si ndiyo nyie mnasema hiki kinaona vimelea vichache ambavyo mRDT haivioni? Niandike dawa mseto?" Lilikuwa swali la haki. Ndivyo tulivyokuwa tumemweleza siku ya mafunzo.

Nilimwomba asubiri slaidi. Niliisoma mwenyewe, nikahesabu hadi chembe nyeupe 500 bila kuona kimelea hata kimoja. Mwenzangu akaisoma upya bila kuambiwa jibu langu. Naye hakuona kitu.

Wakati huo Mama Salma alikuwa amesubiri zaidi ya saa moja. Tabibu alimwita tena, akampima mtoto upya kuanzia kichwani, na safari hii alichukua kifaa cha kutazama masikio. Sikio la kulia lilikuwa jekundu na limevimba kwa ndani. Aliandika amoksilini, akamwambia mama arudi baada ya siku mbili.

"Dokta," mama alisema, "mashine imesema ana malaria. Sasa mnanirudisha nyumbani na dawa ya sikio?"

"Mama Salma, ile mashine bado tunaijaribu."

"Mnaijaribu kwa mwanangu?"

Tabibu alinitazama. Nilimweleza mama kwa kadiri nilivyoweza: kwamba tumepima kwa njia tatu, mbili tunazoziamini zimekubaliana, na hiyo ya tatu bado haijajulikana vizuri. Alinisikiliza kwa adabu. Aliondoka akiwa na amoksilini mkononi na wasiwasi usoni.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kutomtibu mtoto kwa namba ya kihisi, naona ulikuwa sahihi hata kama baadaye kihisi kingeonekana kuwa kweli. Kanuni huandikwa mapema ili isitegemee ujasiri wa mtu siku yenyewe. Na faida yake kubwa haikuwa kuokoa dozi moja ya dawa mseto. Ilimlazimisha tabibu arudi kwa mtoto. Angeandika malaria, sikio lisingetazamwa.

Wa pili ulikuwa wa kuhifadhi damu iliyobaki kwenye jokofu badala ya kuitupa mwisho wa siku. Niliufanya kwa mazoea tu: sampuli yenye majibu yanayogombana haitupwi. Bila chupa ile kisa hiki kingebaki ubishi.

Wa tatu ulikuwa mbaya. Niliamua bila uchunguzi kwamba kosa ni unyevu. Tanga wakati wa masika hata chumvi haimiminiki kwenye kikopo, na mwanafunzi alikiri kwamba pakiti ya stripu ilikuwa imefunguliwa tangu asubuhi. Tulitupa pakiti ile. Tulinunua kopo lenye kifuniko cha kubana, tukaweka punje za silika za kufyonza unyevu, tukahamisha kila kitu kutoka dirishani. Siku mbili zilikwenda hivyo. Tuliporudia damu ya Salma kwa stripu mpya zilizotoka kwenye pakiti kavu, namba ilikuwa karibu ileile. Unyevu ulikuwa adui niliyemzoea, ndiyo maana nilimshuku kwanza.

Hapo nikaketi na daftari. Kati ya watoto wote tuliokuwa tumewapima hadi siku ile, watano, akiwemo Salma, walikuwa na kihisi chanya na slaidi hasi. Niliwapanga kwa saa waliyofika, kwa aliyetoa damu, kwa namba ya pakiti, kwa umri. Hakuna kilichojipanga. Kisha nikaona kitu kwenye safu ya joto: wanne kati ya watano walikuwa na joto la chini kuliko homa waliyosimulia mama zao. Homa kwa maelezo, mwili karibu wa kawaida. Ni nini kinachoshusha homa ya mtoto kati ya nyumbani na kituoni?

Nilimpigia simu Mama Salma. Swali langu lilikuwa moja. Alijibu bila kusita: alimpa mtoto dawa ya maji ya homa, vijiko viwili vya chai, kabla tu ya kupanda bodaboda. Kila mama mwenye busara angefanya hivyo. Hatukuwa tumemuuliza, kwa sababu fomu yetu iliuliza kuhusu dawa za malaria tu.

Kuisaka sababu

Parasetamoli ni molekuli inayoachia elektroni kwa urahisi. Ikikutana na elektrodi ya kaboni yenye volti za kutosha, hutoa elektroni mbili na protoni mbili, na kisomaji huzihesabu kama nyingine zozote. Kisomaji hakijui elektroni imetoka kwa nani.

Nilipiga hesabu kwanza. Dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5. Vijiko viwili vya chai ni miligramu 240, na kwa mtoto wa kilo 15 hiyo ni miligramu 16 kwa kila kilo. Dozi ya namna hiyo huleta kwenye damu kiasi cha maikrogramu 10 hadi 20 katika kila mililita, na kilele chake huja ndani ya nusu saa hadi saa moja. Mama Salma alisafiri dakika arobaini. Tulimtoa mtoto damu karibu kabisa na kilele.

Kisha jaribio, kwa vitu tulivyokuwa navyo. Tulichukua damu ya watumishi wawili wasio na homa na ambao hawakuwa wametumia dawa yoyote kwa siku kadhaa, nao wakakubali. Tulisaga kidonge cha miligramu 500, tukakiyeyusha katika nusu lita ya maji safi ya maabara, tukapata miligramu moja kwa mililita. Maikrolita 10 za maji hayo ndani ya maikrolita 490 za damu hutoa maikrogramu 20 kwa mililita. Tulitengeneza pia ya 10 na ya 5. Mara ya kwanza tulisahau kutia maji matupu kwenye chupa ya kulinganisha, tukaanza upya, maana damu iliyopunguzwa na ambayo haikupunguzwa hazilinganishwi.

Namba ilipanda kadiri dawa ilivyoongezeka. Kwenye 20, damu za watumishi wote wawili zilivuka kizingiti na skrini ikawa nyekundu. Watu wazima wawili, wazima wa afya, bila kimelea hata kimoja.

Lakini kuonyesha kwamba parasetamoli inaweza kufanya hivyo si sawa na kuonyesha kwamba ndiyo iliyofanya hivyo kwa Salma. Jaribio lililotupa uhakika lilikuja kutoka kwa watengenezaji, tulipowaandikia. Walitutumia maji ya kupasulia seli yasiyo na lakteti. pLDH bila lakteti ni kama kinu bila nafaka: kipo, lakini hakuna unga. Kama mkondo wa Salma ulitoka kwa kimelea, ungelala chini. Haukulala. Ulibaki karibu pale pale. Na kisomaji kilipopandisha volti polepole kutoka chini, mkondo ulifanya kilima karibu na volti 0.4, mahali palepale ambapo damu ya watumishi yenye dawa ilifanya kilima chake.

Watoto wengine watatu wa safu ile, mama zao walithibitisha kuwapa dawa ya homa asubuhi ile. Damu zao bila lakteti zilifanya kama ya Salma.

Wa tano alikuwa tofauti, na karibu tumkose. Mimi nilikuwa tayari nimeandika pembeni mwa jina lake "parasetamoli". Lakini mama yake alikuwa na hakika kwamba hakumpa kitu, na joto la mtoto lilikuwa juu kweli. Bila lakteti, mkondo wake ulishuka chini kabisa. Tulirudia slaidi yake kwa msomaji mwandamizi wa hospitali jirani, naye akakuta vimelea vichache vya umbo la ndizi, yaani gametosaiti, hatua ya kimelea inayongoja kubebwa na mbu. Mtoto alikuwa amemaliza dozi ya dawa mseto majuma mawili nyuma. Gametosaiti zilizokomaa huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya matibabu, nazo zina pLDH. Kihisi kilikuwa kimeona kweli. Mimi na mwenzangu tulizipita slaidi zile tukaandika hasi.

Matokeo

Salma alirudi siku ya tatu badala ya ya pili. Sikio lilikuwa limepoa, alikuwa anakula, slaidi ya pili ilikuwa hasi. Mama yake alipoulizwa kuhusu dawa alisema ukweli: jioni ya siku ile ya kwanza alipitia duka la dawa muhimu, akanunua dawa mseto, akampa mtoto pamoja na amoksilini. "Mlisema wenyewe imeonekana," aliniambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamlinda mwanawe kwa habari tuliyompa.

Nilimwomba radhi. Nilimweleza tulichokuwa tumeanza kukishuku, kwamba mashine huenda ilikuwa imeisoma ile dawa ya homa. Alicheka kidogo, akauliza kama alikosea kumpa. Nilimwambia hapana, hakukosea, na asiache kumpa mtoto dawa ya homa kwa ajili ya mashine yetu.

Mtoto wa tano alitibiwa kichomi, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho: alikuwa akipumua haraka na kifua kilikuwa na sauti. Gametosaiti zake hazikuwa chanzo cha homa. Majaribio yalisimamishwa hadi chombo kibadilishwe.

Uchambuzi

Kosa la chombo lilikuwa kwenye volti. APAD iliyobeba elektroni huziachia kwenye kaboni tupu kwa shida, kwa hiyo watengenezaji walipandisha volti hadi 0.6. Volti hiyo ikishafikiwa, mlango umefunguliwa kwa kila kinachotoa elektroni kirahisi: parasetamoli, vitamini C, asidi ya uriki. Watu wa vipimo vya sukari walipita njia hii zamani. Walitafuta kemikali ya kati inayobeba elektroni kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye elektrodi kwa volti ndogo, na kipimo kile cha mwaka 1987 kilijengwa juu ya wazo hilo. Hata hivyo miaka mingi baadaye baadhi ya vihisi vya sukari vinavyovaliwa mwilini bado vilipandishiwa namba na parasetamoli. Maarifa haya hayakuwa siri. Kijana anayetengeneza kihisi cha malaria anasoma sana kuhusu malaria na kidogo kuhusu sukari, na nadhani mpangilio huo ungefaa kugeuzwa.

Tiba waliyoichagua watengenezaji ni stripu yenye elektrodi mbili zinazopokea damu ya mtu mmoja, moja yenye lakteti na nyingine haina. Kisomaji kinatoa ya pili kwenye ya kwanza. Ni wazo zuri, kwa sababu kila mgonjwa anakuwa kipimo cha kulinganishia cha damu yake mwenyewe. Lakini lina gharama. Ukitoa namba kubwa kutoka kwa namba kubwa, kinachobaki kidogo kinayumba, na vimelea vichache, ambavyo ndivyo tulivyokuwa tukivitafuta, ndivyo vinavyoumia. Mimi ningependa kwanza volti ishushwe kwa kemikali ya kati, kisha elektrodi ya pili iwe mlinzi wa mabaki. Watengenezaji wanaona elektrodi mbili ni rahisi kuchapisha. Hatujakubaliana.

Kuna jambo lililonisumbua wakati wa kuchambua, nalo linahusu wodi zote, hata zisizo na kihisi kipya. Vipimo vya umeme hutegemea pia uzito wa damu, yaani wingi wa seli nyekundu ndani yake. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, kama wanavyokuwa wengi wenye malaria kali, ana seli nyekundu chache, na vipimo vingi vya sukari humpa namba ya juu kuliko ukweli. Mtoto huyohuyo ndiye mwenye hatari ya sukari yake kushuka. Namba inasema milimoli nne kwa lita, ukweli ni pungufu. Kwa mtoto mwenye viganja vyeupe asiyeitika vizuri, usitulizwe na namba iliyo juu kidogo tu ya kiwango cha hatari.

Kwa upande wetu sisi watu wa maabara, kilichofaa kilikuwa kanuni iliyoandikwa, damu iliyohifadhiwa, na msomaji wa pili asiyejua jibu la kwanza. Kilichoshindikana kilianza na fomu. Tuliuliza dawa za malaria kwa sababu tulidhani tunapima malaria, kumbe tulikuwa tunapima mkondo. Anayepima mkondo lazima aulize kila kilichoingia kwenye damu ile: dawa ya homa, vitamini, dawa za mitishamba, dripu. Na ni mama pekee anayejua.

Kilichoshindikana zaidi ni skrini. Tuliandika kwamba namba isitumike, halafu tukaiweka mahali inaposomwa na kila mtu, tena kwa rangi nyekundu na neno lenye uzito. Mwanafunzi hakukosea peke yake kutamka alichokiona. Sisi wakubwa ndio tuliomkalisha pale. Matokeo yake tulimpa mama jibu ambalo sisi wenyewe tulikataa kulitumia, kisha tukashangaa kwamba alilitumia.

Halafu kuna yule mtoto wa tano. Nilipopata maelezo yanayofaa kwa wanne, nilitaka yamfae na wa tano. Ningemwandika hivyo, tungekikosea kihisi na tungeendelea kuziamini slaidi zetu kupita kiasi. Uzuri wa jaribio la lakteti ni kwamba halikujali nilichotaka. Lilijibu kwa kila chupa peke yake. Na hata kihisi kilipokuwa sahihi, jibu lake halikumtibu mtoto: vimelea vilikuwepo, homa ilitoka kifuani. Tabibu aliyetazama upumuaji wake ndiye aliyemwokoa.

Ilipofikia

Kisomaji sasa kipo chumba cha ndani. Skrini imewekewa kifuniko cha karatasi ngumu, namba inaandikwa na mtu asiyeona slaidi, na bahasha hufunguliwa jioni. Fomu mpya inaanza na swali ambalo muuguzi humwuliza mama kabla ya jina la mtoto kuandikwa: "Mama, tangu jana jioni umempa nini, hata kijiko kimoja?" Safu ya majibu imeongezwa upana mara mbili, kwa sababu wiki ya kwanza haikutosha. Stripu zenye elektrodi mbili zimefika, ziko kwenye kopo lenye silika. Kabla ya mtoto yeyote kuguswa, tutaanza na damu za watumishi wale wawili, na kidonge kimoja ndani ya nusu lita ya maji.